LI ya Mlangoni

Ukimuuliza fundi wa maandishi anaogopa nini duniani, hatakutajia ngazi wala jua la mchana. Atakwambia anaogopa ukuta uishe kabla ya neno. Ukianguka ngazini utafungwa plasta, utapona, na utakuwa na cha kusimulia. Neno likikatika halina plasta. Linabaki palepale, na kila apitaye analisoma na kuuliza fundi wake alikuwa nani.

Aliyepatwa na balaa hilo aliitwa Herufi. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mama yake na kitambulisho tu. Mtaani alikuwa Herufi, kwa kuwa vibao vya maduka, milango ya vinyozi na ubavu wa malori yote vilikuwa na mkono wake. Fundi hasa, lakini kanisani haendi. Si kwamba aligombana na Mungu. Alisema tu Jumapili ndiyo siku rangi inakauka vizuri, maana malori hayapiti kutimua vumbi.

Mama yake naye alikuwa muumini damudamu. Benchi la tatu kutoka mbele lilikuwa lake, na hakuna aliyethubutu kulikalia hata kwa bahati mbaya. Macho yalishaingiwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo nyimbo aliziimba kwa kichwa na watu aliwatambua kwa vikohozi vyao. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana alisimama mwenyewe, akatembea mwenyewe, akaupokea mkate kwa mikono miwili, akarudi nyumbani na uso mwingine kabisa. Uso ule Herufi aliujua. Ndio aliokuwa nao mama zamani, kabla macho hayajaharibika, na siku hizi ulikuwa unamrudia kwa ajili ya mkate ule tu. Herufi hakuuelewa mkate, ila kwa ajili ya uso ule angefanya lolote.

Sasa, Pasaka ilikuwa inakaribia, na Mchungaji alikuwa amechoka. Kila mwaka alihubiri kwamba Mwokozi si nusu huyu na nusu yule, bali ni Mungu mzima na mtu mzima, na kila mwaka watu walitoka nje wakiwa wamechanganyikiwa kuliko walivyoingia. Mara ya mwisho mama mmoja aliuliza, kama alikuwa mtu mzima, basi pale horini walimfunga nguo za kitoto za nini. Mchungaji akaona bora neno liandikwe ukutani mbele, kubwa, yaishe: MUNGU KWELI NA MTU KWELI.

"Mwanangu anaandika," mama akasema mbele ya baraza la kanisa. "Mimi namdhamini."

Mzee Katiba akamuuliza mara mbili kama anaelewa maana ya kumdhamini mtu asiye mshirika. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, na jina hilo alipewa kwa sababu hatoki nyumbani bila kijitabu cha katiba ya kanisa mfukoni, hata akienda kunyoa. Mama akamjibu kwamba anamwelewa kijana huyo kuliko katiba inavyomwelewa, kwa kuwa katiba haikumzaa.

Ukuta wenyewe haukuwa wa kuchezea. Juu ulikuwa na matofali ya matundu ya kupitisha hewa, chini kuna madhabahu, na mwisho kabisa kulia, pembeni, mlango wa chumba anachovalia Mchungaji joho lake. Palipobaki pa kuandika ni mkanda wa katikati, usawa wa kichwa cha mtu. Herufi akafanya kama fundi yeyote mwenye akili: akapiga mstari kwa kamba, akachora maneno yote kwa chaki, akahesabu nafasi, yakatosha vizuri. Kisha akageuka kumwuliza mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi lake akimlinda.

"Unaona, mama?"

"Naona kuna kitu kimetambaa."

Herufi akafuta, akachora kubwa zaidi.

"Na sasa?"

"Sasa ni sisimizi walioshiba."

Hapo ndipo mkosi ulipoingia. Herufi akaiweka chaki mfukoni, akachovya brashi ile pana kwenye rangi ya buluu, akaandika M moja yenye urefu wa mkono mzima. Nyuma yake mama akasema, "M." Akasema taratibu, kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza siku nyingi. Herufi akaandika U. "U," mama akasema, na sauti yake ikaanza kucheka. Alikuwa hajasoma herufi yoyote tangu macho yamgeuke. Niambie wewe, mwana gani angeweka brashi chini wakati huo akapime? Aliandika N, akaandika G, mama anasoma kwa sauti kanisani humo wakiwa wawili tu, na yeye anafuta machozi kwa mkono wenye rangi. Umungu ukala ukuta.

Alipofika kwenye kweli ya pili, brashi ikagonga fremu ya mlango.

"Mungu kweli," mama akasoma, "na mtu kwe." "Kwe ndiyo nini, mwanangu?"

Baraza likaitwa jioni ileile. Wakakaa kwenye mabenchi ya mbele wakilitazama lile KWE kama watu waliokuja msibani.

"Lifutwe," akasema Seremala, aliyekuwa mjumbe. "Aanze upya kwa herufi ndogo."

"Lifutwe lipi?" Mzee Katiba akauliza. "Ili KWELI ya pili ienee, lazima MUNGU apungue. Nani hapa atachukua tambara na tina ya kuondolea rangi amfute Mungu ukutani, Kwaresima hii? Anyooshe mkono."

Mkono haukunyooka.

Mwalimu mstaafu, aliyefundisha sarufi mpaka akastaafu nayo, akapendekeza KWE igeuzwe kuwa PIA, maana ina herufi tatu na itatosha. MUNGU KWELI NA MTU PIA. Wakaisoma kwa pamoja. Ilisomeka. Karibu wapitishe, mpaka Mchungaji akashika kichwa. "Mtu pia," akasema. "Hivyo ndivyo tunavyosema kuhusu yule anayeuza mkaa na pia anashona viatu. Yaani kuwa mtu kwake ni kibarua cha pembeni? Basi na msalabani alikwenda pia?"

Wakaona aibu. Mwishowe Seremala akasema ukuta umeisha lakini mlango upo, na mlango ukifungwa ni ukuta kama kuta nyingine. Herufi akaandika LI mlangoni, kubwa, ya buluu, ikakaa vizuri mno. Ungesimama mbali usingejua kuna mlango. Mama akasoma yote mpaka mwisho, na mwanawe akapumua.

Pumzi yenyewe haikufika mbali. Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa, watu wakasimama kulisoma neno jipya kwa sauti moja, na wakati huohuo Mchungaji akatoka kuvaa joho lake. Mlango ule unafungukia ndani. LI ikaondoka. Kanisa zima likasema, "Mungu kweli, na mtu kwe." Mchungaji akaingia, akaufunga mlango nyuma yake, na watu wachache waliochelewa wakamalizia, "li."

Akakumbuka Biblia yake ndani. Akafungua tena.

Ikawa vurugu ya kimyakimya. Mzee Katiba hakuisikia mahubiri. Alikuwa anapekua kijitabu. Baada ya ibada akasimamisha baraza na kusema kwamba katika kanisa hili, kwa mara ya kwanza tangu liwekwe msingi, ubinadamu wa Mwokozi unategemea bawaba. Mlango ukifungwa ni mtu kweli. Ukifunguliwa, ubinadamu unaingia chumba cha kubadilishia nguo. "Na upepo je?" akauliza. "Tutakuwa tunaabudu nini kukiwa na upepo?"

Seremala akaupigilia mlango misumari. Mchungaji ikabidi aingie chumbani kwa dirisha la nyuma, akatokee hukohuko, azunguke nje apite mlango mkubwa. Alhamisi, kwenye ibada ya jioni, joho lilinasa kwenye komeo la dirisha, na waumini walioketi wakisubiri baraka wakasikia mtumishi wa Mungu akining'inia nje, akiomba msaada kwa sauti ya upole. Misumari ikang'olewa. Kitasa nacho kikang'oka nayo. Tangu hapo mlango ule haukushika tena. Ukiuacha tu, unafunguka wenyewe taratibu, kama unataka kusikiliza.

Mambo yakifika hapo, lazima atafutwe mtu wa kubeba. Mzee Katiba akalipa kosa jina: kuupunguza ubinadamu wa Mwokozi hadharani. Adhabu ni kutengwa. Lakini Herufi si mshirika, na asiye ndani huwezi kumtoa. Katiba ikawa wazi: kosa la asiye mshirika linamwangukia mdhamini.

Mama akatengwa. Akahamishwa kutoka benchi la tatu mpaka la mwisho, lile la karibu na mlango mkubwa, na akaambiwa Pasaka hii asije mezani.

Hakulalamika. Alirudi nyumbani, akavua kitenge cha kanisani, akakikunja, akakaa kitandani na kuutazama ukuta ambao hauna maandishi. Herufi alimwuliza atakunywa chai, akasema baadaye. Akamwuliza tena, akasema baadaye. Ule uso haukuja, na ule mwingine wa kawaida nao ukaondoka. Herufi akaona kwamba ikipita Pasaka hii bila mkate, kwa umri ule, huenda kusiwe na nyingine, na yeye ndiye atakayekuwa ameufuta uso wa mama yake kwa brashi pana. Akavaa shati lisilo na rangi, alilokuwa nalo moja tu, akaenda kwa Mchungaji.

"Nitengeni mimi," akasema.

"Huwezi kutengwa," Mchungaji akamwambia kwa huruma. "Hujawahi kuwa ndani."

"Basi niingizeni mnitoe."

Mchungaji akaliita baraza. Herufi akalieleza tena jambo lake: abatizwe asubuhi ya Pasaka, atengwe palepale, na mama arudi benchi la tatu. Mama naye akaja, amefika kwa kupapasa kuta za mtaa, na alipolisikia hilo akakataa kata kata.

"Kosa ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyetaka herufi kubwa. Yeye alichora ndogo, zikatosha."

"Mimi ndiye fundi," Herufi akasema. "Kupima ni kazi yangu."

"Nyamaza. Miaka yote nimemwomba Mungu ubatizwe. Sikumwomba ubatizwe ili ufukuzwe."

"Mama, nibebe mimi."

"Nilikubeba miezi tisa, na nyongeza naiweza."

Baraza halikuwa limezoea mashauri ya namna hii. Kwa kawaida watu huletwa pale wakisukumiana kosa. Hawa wawili walikuwa wanalinyang'anyana. Mwalimu akasema wahenga walishasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama akamjibu kwamba wahenga hao hawakuwa wamezaa.

Mzee Katiba akasimama, jasho likimtoka. "Tatizo si nani," akasema. "Tatizo ni kama inawezekana. Je, mtu mmoja anaweza kubeba kosa la mwingine, na yule mwingine akawa safi? Katiba haisemi."

Mbele yao, kwa rangi ya buluu, ukuta ulikuwa unawatazama.

"Kwa Yule inawezekana," Seremala akasema kwa tahadhari. "Kwa fundi rangi, sijui."

Kwa hiyo wakapiga kura. Ndiyo, ndugu zangu, walipiga kura kama kosa linabebeka. Mwalimu akanyoosha mkono akitaka swali liandikwe kwa usahihi kwanza, Seremala akanyoosha, Mchungaji akanyoosha huku ameinama, na likapita. Mzee Katiba hakupinga wala hakukubali. Alisema ataendelea kulifikiria.

Asubuhi ya Pasaka kifuniko cha birika la ubatizo kikafunuliwa, pale chini mbele ya madhabahu. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma meno. Mchungaji akamshika Herufi begani na kumwuliza kama anaamini.

Herufi akafikiri. Hakutaka kudanganya akiwa ndani ya maji. "Naamini mama yangu hana kosa," akasema.

"Anzia hapo," Mchungaji akasema, akamzamisha.

Alipoibuka, juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wa buluu. Kanisa likaimba wimbo wa kumkaribisha mshirika mpya. Wimbo ukaisha, Mzee Katiba akasoma tangazo la kumtenga. Nywele zilikuwa bado zinachuruzika.

Pakabaki jambo moja la kiufundi. Mlango haukushika, na siku kama ile hakuna aliyetaka Mwokozi awe mtu kwe. Alihitajika wa kukaa ndani ya kile chumba na kuushikilia. Lakini atakayekuwa ndani ataikosa Meza, na mshirika mwema haruhusiwi kuikosa Meza kwa makusudi. Kwa hiyo lazima awe aliyetengwa, na aliyetengwa alikuwa mmoja. Seremala akamnong'oneza, "Unaona? Ulikuwa unahitajika."

Herufi akaingia, akaufunga, akaweka mgongo wake mbaoni, upande wa pili wa LI. Alisimama humo kati ya majoho na ndoo ya kudekia, akitetemeka, nguo zimemganda mwilini. Akasikia kanisa linasoma neno zima bila kukatika. Akaitambua sauti ya mama kutoka benchi la tatu, iko juu kuliko zote. Akasikia benchi likilia mama anaposimama. Akafumba macho aone vizuri zaidi. Sasa anatembea. Sasa amefika. Sasa amenyoosha mikono miwili. Herufi akafurahi sana, peke yake, kwenye giza lile linalonuka dawa ya nondo. Hakuwahi kuifanya kazi ikampendeza namna ile.

Kisha akasikia kitu kinaparuza ukutani.

Mama alikuwa ameupokea mkate lakini hakurudi kukaa. Watu walidhani macho yamempoteza njia. Alikuwa ameweka kidole juu ya M ile ya kwanza, na sasa anaufuata ukuta, herufi baada ya herufi, Mungu wote, mpaka kwa mtu, mpaka K, mpaka W, mpaka E. Akapita fremu. Akagonga katikati ya L na I.

"Nani?" Herufi akauliza.

"Mama yako. Fungua."

"Mama, nikifungua LI inaondoka."

"Najua. Mimi ndiye niliyeisoma."

Herufi akatoka mgongoni mwa mlango. Ukafunguka wenyewe, taratibu, kama kawaida yake, na mwanga ukamwingia usoni. Mama amesimama hapo, kiganja wazi, mkate mzima hajauonja.

"Umebeba kosa langu," akasema. "Basi kula mkate wangu." Akaumega, akampa kipande kikubwa.

Mzee Katiba alikuwa amesimama katikati ya kanisa, kijitabu mkononi. "Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Mlango. Ubinadamu wake."

Mama hakugeuka. Alikuwa ameinua mkono anampangusa mwanawe maji ya kichwani, na yale ya machoni hayakuwa maji ya birika.

"Upo," akasema. "Uko hapa mlangoni, unalia."

Mchungaji, mwenye kikombe, akaacha foleni ya watu, akatembea mpaka pale kizingitini na kusimama na hao wawili, akisubiri wameze kwanza. Mzee Katiba akatafuta ukurasa, akatafuta mwingine, halafu akakirudisha kijitabu mfukoni na kubaki amesimama, mikono haijui iende wapi.

Herufi alimtazama mama usoni. Ulikuwa umerudi. Akautia mkate mdomoni. Ulikuwa na ladha ya rangi kidogo, kwa sababu ya vidole vyake, akautafuna wote.